Usiku wa Ijumaa wa Kuhesabu Kilimia

Mama yangu alisema atakubali kupasuliwa jicho la pili siku atakapokiona Kilimia kwa jicho la kwanza. Alisema hivyo akiwa amekaa barazani kwangu Msambweni, mkono mmoja umeshika kikombe na mwingine umeshika ukingo wa kiti, na mimi nikajua papo hapo kwamba kazi imeniangukia. Mama yangu akisema neno huwa amelifunga kwenye pindo la leso yake, na pindo hilo halifungui mtu.

Kilimia, kwa asiyekijua, ni kile kishada kidogo cha nyota zilizosongamana, ambacho wakulima wa kwetu walikuwa wakikitazama wapate kujua wakati wa kushika jembe. Jina lenyewe limetoka kwenye kulima. Mama alilima shamba lake kule bara, nyuma ya Msambweni, kwa zaidi ya miaka arobaini, na hakuna mwaka aliopanda kwa kuambiwa na redio. Utotoni mwao, anasema, watoto walikuwa wakisimamishwa uani jioni wahesabu Kilimia. Aliyeona nyota sita alikuwa na macho mazima. Aliyeona saba alisifiwa, na mama aliona saba. Hilo nimelisikia tangu nikiwa mgongoni mwake.

Halafu macho yakaingia mtoto wa jicho, yote mawili. Alianza kwa kumwaga chai nje ya kikombe, akaendelea kwa kung'oa mahindi akidhani ni magugu, mwisho akajikwaa kwenye jembe lake mwenyewe akateguka mkono. Nikamleta kwangu. Alikuja akinung'unika njia nzima, na kila asubuhi alinikumbusha kwamba hapa yeye ni mgeni, kwake ni shambani. Jicho la kulia lilipasuliwa mwezi wa Desemba, kazi ikaenda vizuri, bendeji ikatolewa. La kushoto likapangiwa Jumanne moja ya Januari. Daktari alimweleza kwa upole kwamba mtoto wa jicho akiachwa akakomaa kabisa, kumtoa huwa kazi ngumu. Akaniambia nipige simu Jumatatu yake nithibitishe, kwani wanaongoja nafasi ni wengi.

Mama akagoma. Alikuwa anaogopa, lakini mama yangu hajawahi kusema naogopa. Alisema, "Hili lenyewe halijapona. Wanipasue na la pili nipoteze yote mawili?"

Ushahidi wake ulikuwa Kilimia. Jioni moja alitoka uani, akaliziba lile jicho bovu kwa leso, akainua uso, akatafuta pale Kilimia kinapokaa mwezi wa Januari. Alisimama hadi shingo ikamuuma. Akarudi ndani akasema haoni ila weupe mtupu.

"Ni ile taa, mama," nikamwambia. Karibu na soko tumesimamishiwa mulika mwizi, ile taa ndefu ya kumulika mtaa mzima, na tangu ije uani kwetu unaweza kuchambua mchele usiku. "Hata mimi sikioni, na mimi macho yangu ni mazima."

"Basi nipeleke pasipo na taa," akasema. "Nikikiona, nitakwenda hiyo Jumanne, wala sitakuuliza neno. Nisipokiona, mniache na macho yangu."

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nalisema mwenyewe kabla hamjaambiwa na majirani. Siku ile nilikuwa na hasira na mama, na ile taa, hata na Kilimia chenyewe kwa kukaa mbali hivyo. Lakini nilikuwa pia na hofu, na hofu ndiyo iliyonifanya nikae chini nipange. Nilichukua karatasi ya kazini kwangu hotelini, ya kuandikia nguo za dobi, nikageuza upande wa nyuma, nikaandika: giza, mwezi, mawingu, mahali, usafiri. Hapo nikaona kwamba kumpeleka mama mmoja kutazama nyota kuna kazi kuliko kupokea wageni wa basi zima.

Hotelini, kule Diani, mimi ni msimamizi wa wanaosafisha vyumba. Na pale hotelini kuna bwana mmoja kutoka bara, mwongoza wageni, ambaye ana darubini yake mwenyewe. Wageni wakishakula huwapeleka ufukweni akawaonyesha mbingu, wakashangaa, wakapiga makofi. Sisi wafanyakazi tunamwita mwalimu wa nyota. Nikamfuata jikoni nikamweleza habari ya mama.

"Hiyo ni kazi ndogo, madam," akasema. "Hicho Kilimia chako kwa darubini kinaonekana fiti kabisa. Atahesabu nyota mpaka achoke."

Nilifurahi, nikaenda nikamwambia mama. Mama akanitazama kwa lile jicho lake moja.

"Nikitazama kwa darubini, litakaloona ni jicho la darubini. Mie nimesema jicho langu."

"Basi itakuwepo tu, mama, kwa kupamba shughuli."

Nilikuwa namdanganya. Niliitaka ile darubini kama akiba. Jicho likishindwa, nilipanga, namsogeza polepole kwenye darubini, anaona nyota tele, anachangamka, na katika kule kuchangamka namwekea Jumanne mdomoni. Sioni haya kulisema hilo. Mtu akimpenda mamaye huwa mjanja.

Usiku wenyewe aliuchagua yeye. Mwezi ulikuwa umefika mwishoni, hautoki mpaka karibu na alfajiri, kwa hiyo wiki ile yote jioni zilikuwa na giza zuri. Mama akasema, "Twende usiku wa Ijumaa. Una baraka." Nikachukua simu nikamwandikia mwalimu wa nyota: usiku wa Ijumaa, saa moja na nusu, na nikamweleza njia ya kufika shambani. Akanijibu kwa alama ya kidole gumba. Nikakata mstari kwenye karatasi yangu ya dobi.

Mahali hapakuwa na mjadala. Shamba la mama liko mbali na lami, hakuna nguzo ya stima hata moja, na jirani zake ni wakulima kutoka bara ambao wakishafunga mbuzi wanalala. Shida ilikuwa njia. Ni ya udongo, ina makorongo, na mama hapandi pikipiki, alishaapa. Pale mtaani tuktuk inayoweza njia ile ni moja tu, na mwenye tuktuk hiyo alikuwa haongei na mimi.

Huyu alikuwa jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, mtu mzima mwenzangu, tumekua pamoja, na mke wake tumecheza naye kibe utotoni, tukijificha na kutafutana. Ghafla, kama miezi mitatu nyuma, alininunia. Na hakuwa peke yake. Mtaani palikuwa na maneno kwamba nimeanza maringo. Eti tangu nipewe usimamizi hotelini sisalimii watu, mtu ananipungia mkono nami napita na pua juu. Kwetu unaweza kusamehewa mambo mengi, lakini si kumpita mtu bila salamu. Maneno yale yaliniuma kwa sababu yalikuwa ya uongo. Mtu akinisalimu namjibu. Asiponisalimu, nimjibu nini?

Nilipiga moyo konde nikavuka barabara. Nilimkuta anaosha tuktuk yake, ndoo miguuni.

"Salaam aleikum, jirani."

"Aleikum salaam," akasema, akaendelea kusugua. "Leo umeniona?"

"Mbona huwa nakuona?"

"Huwa unaniona." Akakamua kitambaa polepole. "Siku ile sokoni nilikupungia mkono mara tatu. Mara tatu, jirani. Ukaniangalia hivi, usoni, ukapita."

Damu ilinipanda. Nilitaka kumwambia kwamba ana ndoto, kwamba sijamwona sokoni mwaka mzima. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Lakini nikamkumbuka mama na ile Jumanne, nikayameza, na yalikuwa makubwa. Nikasema, "Kama nilikukosea, nisamehe. Mama anataka kwenda shambani akatazame Kilimia."

Aliacha kusugua. "Kilimia?"

Nikamweleza yote, jicho la kwanza, jicho la pili, sharti la mama. Alisikiliza akiwa ameegemea tuktuk. Mwisho akasema, "Kwa ajili ya mama nitakuja. Wewe nitakubeba kama mzigo." Nikasema sawa.

Alhamisi niliomba ruhusa ya nusu siku. Nilikaanga mahamri, nikapika mbaazi za nazi, nikajaza chupa ya chai ya tangawizi, nikakunja mkeka na mashuka mawili, maana kule bara jioni hupuliza. Saa tisa mawingu yalijikusanya upande wa baharini, meusi, na mimi nilitoka nje kuyatazama kila baada ya dakika tano. Mama alikuwa ameshavaa tangu adhuhuri. Alikaa kitini na mkoba mapajani. Vidole vyake vilikuwa vinalifungua na kulifunga pindo la leso, nami nikajua kwamba usiku huu kwake si matembezi. Saa kumi na moja upepo ukabadilika, mawingu yakasukumwa, na tuktuk ikapiga honi mlangoni.

Jirani alimsalimu mama shikamoo, akampandisha kwa mikono miwili, akamwekea mto. Mimi kweli alinifanya mzigo, hakunisemesha njia nzima. Tulifika jua likizama. Mama alishuka akasimama kwenye udongo wake, akavua viatu. Nyumba ilikuwa imefungwa, shamba limebaki mabua ya mahindi ya msimu uliopita. Tuliswali magharibi pale pale kwenye mkeka, tukala, tukamngoja mwalimu wa nyota.

Saa moja na nusu ikafika. Ikapita. Giza likaanza kuwa giza, na mimi nikaanza kuchemka. Saa mbili kasoro robo nikapiga simu.

"Uko wapi?"

"Niko Ukunda, madam. Nakula."

"Unakula nini na sisi tuko hapa gizani tunakungoja?"

"Kwani ni leo? Si uliandika Ijumaa?"

"Niliandika usiku wa Ijumaa."

"Ndio. Leo si ni Alhamisi?"

Kwetu siku huisha jua likizama, na usiku hutangulia mchana wake. Jua la Alhamisi likishatua, Ijumaa imeingia, na usiku huo ndio usiku wa Ijumaa. Hivyo ndivyo alivyosema bibi yangu, mama yangu, na mimi. Kwa watu wa bara, usiku wa Ijumaa ni ule unaokuja baada ya mchana wa Ijumaa. Nimefanya kazi na watu wa bara miaka ishirini, nimewapangia zamu za usiku, najua vizuri wanavyohesabu. Na jambo la maana kuliko zamu zote nikaliandika kwa kinywa cha bibi yangu.

Nilikata simu. Nilisema maneno ambayo siyaandiki, mengine nikamwambia mwalimu wa nyota asiyenisikia, mengi nikajiambia mwenyewe. Nikasema basi, tumekwisha, tufunge mkeka turudi. Akiba yangu yote ilikuwa Ukunda inakula.

"Umemaliza?" mama akauliza.

"Nimemaliza."

"Zima hiyo simu. Waniharibia giza."

Nikazima. Akamwambia jirani azime taa ya tuktuk, na hiyo ikazimwa. Akatuamuru tukae kimya, macho yazoee. Tulikaa muda mrefu. Sikuwa nimekaa katika giza kama lile tangu niolewe. Nilikuwa nasikia mama akivuta pumzi, nikasikia pumzi zake zinatetemeka, na hasira yote ikaniisha, ikabaki ile hofu niliyoanza nayo. Nilimwomba Mungu jambo dogo. Nilimwomba nyota moja. Hata moja tu, nikasema, nyingine nitamtilia mwenyewe.

Mama akasimama. Akakamata bega langu, akaugeukia upande wa kaskazini, akaliziba jicho la kushoto kwa leso. Akainua uso juu sana, mpaka leso ya kichwani ikamdondoka, wala hakuiokota. Mkono wake wa kulia ulikuwa mbele ya kifua, vidole vimenyooka.

Akakunja kidole kimoja.

Akakunja cha pili, halafu cha tatu. Hapo akasita, akapepesa jicho, nikafikiri ndiyo mwisho. Akakunja cha nne. Akakunja gumba, ngumi ikajaa. Akanyoosha kidole kimoja upya.

"Sita," akasema.

Akazihesabu tena kwa jicho, bila vidole.

"Sita," akarudia, na sauti ikampasuka katikati. "Zimekaa kama upawa wenye kipini kifupi. Upawa wangu huo. Kumbe upo."

Jirani alikuwa naye ametazama juu. "Wallahi ni upawa," akasema. "Nami nimepata sita, mama. Sita kamili."

Mama akacheka. Sijui niueleze vipi ule mcheko. Ulikuwa mkubwa kuliko mwili wake, na mbwa wa shamba la pili wakaanza kubweka, naye akazidi. Mimi nilikuwa nalia na sikujali nani anaona. Jicho lilikuwa limepona. Jumanne ilikuwa yetu. Nilitaka kumbeba mama mgongoni nizunguke naye shamba zima kama alivyonizungusha.

"Na wewe mwanangu," akasema akipangusa uso, "waona ngapi?"

"Sita," nikasema.

Nilisema haraka mno. Mama yangu amenilea, anajua uongo wangu hata katika giza totoro.

"Nionyeshe kwa kidole."

Nikainua kidole. Ukweli ni kwamba kule juu mimi nilikuwa naona mawaamawaa, kama kioo kilichopanguswa kwa kitambaa chenye sabuni. Nilikuwa nimefikiri ndivyo nyota zilivyo. Nilidhani watu wakisema nyota zinang'aa wanatia chumvi. Nikachagua mahali penye weupe kidogo, nikaelekeza.

Jirani akafuata kidole changu. Akatazama, akanitazama, akatazama tena.

"Jirani," akasema taratibu, "hapo hapana kitu."

"Ni uchovu tu."

"Tuktuk yangu ina rangi gani?"

"Swali gani hilo? Ya buluu."

"Ubavuni nimeandika nini?"

Sikujua kwamba ameandika kitu. Ilikuwa ikipita mbele ya nyumba yangu kila siku, na sikujua. Nilimsikia akianza kucheka, kwanza kwa pua, halafu kwa kifua, halafu akakaa chini kwenye mabua.

"Mama," akasema akishindwa kuvuta pumzi, "huyu haringi. Huyu haoni."

Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Miezi mitatu mtaa mzima unanisema, nami nawajibu kwa kununa, kumbe wote tulikuwa na haki. Walipunga mikono kweli. Na mimi kweli sikuwaona. Nilimwambia mama kwamba uani kwetu sikioni Kilimia kwa sababu ya mulika mwizi, nikaapa kwamba macho yangu ni mazima, na nilikuwa naamini kila neno.

Mama alinishika kidevu, akanigeuza uso kama anavyogeuza papai kutazama kama limeiva. "Jumanne," akasema, "tunakwenda wawili. Mie wanipasue, wewe wakupime. Na ole wako ugome."

Tulirudi saa tatu. Njiani jirani hakunyamaza hata dakika moja. Kila kilipopita kitu aliniuliza, "Kile ni nini?" nami nikamjibu, na kila nilipokosea mama alipiga kofi. Mbuzi nilimwita gunia. Nilicheka nao, maana niliwahi kuonekana mwenye maringo na sasa nilikuwa kipofu tu, na kipofu watu humpenda zaidi.

Ijumaa jioni mbingu ilijifunga yote. Kinyunyu kikaanza baada ya laasiri, hakuonekani nyota wala alama ya nyota. Saa moja mlango ukabishwa, na huyo hapo mwalimu wa nyota na darubini yake imefunikwa mfuko wa plastiki, amelowa. Alikuwa amekuja kuomba msamaha na kututafuta kama bado tunamtaka. Mama alimkaribisha, akampa chai, hata tone halikwenda nje ya kikombe, akamsomesha.

"Mwanangu, siku huanza magharibi. Hata Mwenyezi Mungu alianza na giza."

"Kwetu siku huanza jua likitoka, mama."

"Ndiyo maana mmekuta imekwisha."

Mgeni akacheka, akaomba aambiwe ilivyokuwa. Mama akamweleza habari ya upawa, na kwa mara ya kwanza nikamwona mwalimu wa nyota ametoa kidaftari anaandika. Nilisikia ile mvua juu ya mabati nikawaza: kama ningeandika kama watu wa bara wanavyosema, tungekuwa shambani sasa hivi tumejifunika mashuka, na mama amepata hoja yake. Kosa langu lilikuwa limetuokoa. Sikulisema kwa sauti, mama angelitumia dhidi yangu mpaka kiama.

Jumatatu nilipiga simu nikathibitisha. Jumanne tulifika hospitalini mapema. Muuguzi alitutazama akauliza mgonjwa ni nani, mama akamjibu, "Sote wawili, ila huyu ndiye mahututi." Aliingia ndani akitembea wima, hakunishika mkono. Alipotoka na bendeji alikuwa na neno moja tu. Aliniuliza kama nimepimwa. Nilikuwa nimepimwa. Katika ubao wa herufi niliiona ile kubwa ya juu, iliyobaki niliibahatisha, na mpimaji akaniambia sibahatishi vizuri.

Siku nilipovaa miwani nilisimama mlangoni kwangu nikashindwa kuondoka. Mnazi una makuti, moja moja. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na tuktuk ya buluu, na ubavuni imeandikwa kwa rangi nyeupe: Salamu ni Bure. Jirani alikuwa amekaa ndani anakunywa kahawa. Nilipunga mkono kabla yake. Nilipunga yote miwili, nikaita salamu kwa sauti hata muuza samaki akageuka. Nikamsalimu na yeye. Siku hiyo nilichelewa kazini kwa sababu ya kusalimia.

Mama alirudi shambani mwezi wa Machi. Sikutaka, nilimwambia sitaki, tukagombana kwa siku mbili, na nikamsindikiza mwenyewe kwa tuktuk ile ile. Moyo uliniuma nilipoona anavyofungua mlango wake kwa ufunguo bila kupapasa. Jioni ile tulikaa nje baada ya magharibi. Kilimia kilikuwa kimeshaanza kuteremka upande wa machweo, kama kinavyofanya masika yakikaribia.

"Ngapi?" akaniuliza.

Niliisukuma miwani juu ya pua. Nikahesabu kwa vidole kama yeye, sikuharakisha. "Sita."

"Nionyeshe."

Nikaelekeza kidole. Alikifuata kidole changu kwa macho yake yote mawili, mpaka kule juu.

"Mie naona saba," akasema. Akainuka, akaliegemeza jembe mlangoni ili alikute asubuhi. "Haya, ingia ulale. Kesho twapanda."